Nyumba ya opera Mbagala: jibu kwa mwalimu wa kwaya

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nafundisha kwaya Mbagala Kizuiani. Mdogo wangu anayesoma Ufaransa ameniambia kuna mji wa pembezoni mwa Paris, unaitwa Massy, wenye nyumba ya opera ya kisasa ambamo watu wa kawaida wanaingia, hata watoto wa shule za jirani. Nilipowasimulia wanakwaya wangu walicheka, mmoja akasema opera ni ya wazungu na watu wa Masaki. Je, kitu kama hicho kinaweza kusimama huku kwetu? Na kama kinaweza, tuanzie wapi?

Jibu: Marahaba, dada yangu. Opera ni mchezo wa kuigiza unaoimbwa, okestra ikiusindikiza, na nyumba yake inaweza kusimama kwetu, ila kwa kupitia mlango ambao wenye miradi huwa hawaupendi. Wao hutafuta kiwanja kwanza, wakachora jengo la vioo, wakaalika mgeni rasmi, ndipo wakaanza kuulizana nani ataimba humo na nani atakuja kusikiliza.

Massy yenyewe nakueleza kwa kifupi. Ni mji wa wakazi wapatao elfu 50, kusini mwa Paris, katika wilaya ya Essonne. Opera yake ilifunguliwa mwaka 1993 katika mji wenye mitaa ya maghorofa marefu ya makazi yaliyosimamishwa kuanzia miaka ya 1960, sehemu ambayo mtu wa Paris asingeenda kutafuta muziki. Ukumbi wake mkubwa una viti takriban 800. Opera ya Bastille, iliyofunguliwa Paris mwaka 1989 kwa ahadi kwamba itakuwa ya watu wote, ina zaidi ya 2,700. Massy haina kundi kubwa la waimbaji wa kuajiriwa mwaka mzima. Maonyesho mengi hupokelewa kutoka kwingine au hutengenezwa kwa ubia, na watu wake wanakwenda mashuleni. Mji unahudumiwa na treni za RER, laini B na C, zinazoingia moja kwa moja Paris. Hilo la treni lishike, nitalirudia.

Huyo mwanakwaya wako usimkemee, maana nusu ya maneno yake ina historia. Opera ilizaliwa kwenye kasri. Opera ya L'Orfeo ya Claudio Monteverdi, ambayo hadi leo inachezwa, ilionyeshwa Mantua, Italia, mwaka 1607 mbele ya wageni wa mtawala. Miaka 30 baadaye, mwaka 1637, ukumbi wa San Cassiano kule Venice ukaanza kuuza tiketi: mwenye hela anaingia, asiulizwe ukoo. Na hao walioingia hawakukaa kama wako msibani. Walikula, walipiga soga, walicheza kamari kwenye vyumba vyao vya pembeni, wakanyamaza pale tu mwimbaji wanayempenda alipofikia wimbo wake. Kukaa gizani ukiogopa hata kukohoa ni desturi iliyokuja kupata nguvu baada ya mtunzi wa opera Richard Wagner kufungua ukumbi wake Bayreuth, Ujerumani, mwaka 1876 na kuzimisha taa za watazamaji.

Sasa tazama kwetu. Taarab inasimuliwa kwamba iliingia Unguja kupitia kasri la Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888 na aliyevutiwa na muziki wa Cairo. Cairo hiyohiyo ilikuwa imefungua nyumba ya opera mwaka 1869, na Aida ya Giuseppe Verdi ilionyeshwa kwa mara ya kwanza duniani humo, Desemba 1871. Baadaye akatokea Siti binti Saad, mzaliwa wa kijiji cha Fumba aliyeanza kwa kuuza vyungu, akaimba taarab kwa Kiswahili, akaikalisha mtaa wa Ng'ambo, Unguja, kwa watu wa kawaida, na mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi santuri. Dar es Salaam nayo ikapata vilabu vyake, Egyptian na Al-Watan, muda mrefu kabla ya uhuru. Kwa hiyo mtu wa Mbagala anayeweza kukaa dakika kumi na tano akisikiliza shairi moja likiimbwa juu ya fidla, kanuni ile ya nyuzi na akordioni, akijua ubeti huu unamlenga nani, ana sikio la opera tayari. Hajaambiwa tu.

Tuje kwenye kinachomzuia. Wengi watakutajia kiingilio. Mimi kwa Dar es Salaam naanza na saa.

Opera ya kawaida mjini Ulaya inaanza saa moja na nusu au saa mbili usiku, na ukiweka mapumziko inakwisha karibu saa tano. Saa tano usiku ndiyo saa mbaya kuliko zote katika jiji hili. Daladala zimepungua, bodaboda anapanga bei anavyotaka, na mama wa Chamazi aliyelipa kiingilio cha kawaida anajikuta nauli ya kurudi imezidi tiketi. Wapenzi wa taarab walilijua hili zamani. Watu husema onyesho la taarab linachelewa kuanza kwa uswahili wetu tu, lakini hesabu yake ni nzuri kabisa: linaanza saa nne, linakwenda hadi alfajiri, na anayetoka pale anakutana na daladala za kwanza. Sikukuu watu walijaa Dar Live pale Zakhem wakakesha, na hakuna aliyewaambia Mbagala ni mbali na burudani. Ama utoke mapema, ama ukeshe. Katikati ndiko kwenye hasara.

Opera haikeshi. Sauti isiyo na maiki inachoka, na okestra inachoka. Kwa hiyo Mbagala ingekuwa Jumapili, saa tisa alasiri. Ibada za asubuhi zimekwisha, chakula kimeliwa, na saa kumi na mbili kasoro watu wako barabarani kukiwa bado kweupe. Mapumziko yawekwe karibu saa kumi, na pawe na chumba safi cha kuswalia na maji ya kutawadha, ili Muislamu asilazimike kuchagua kati ya sala ya alasiri na sehemu ya pili ya hadithi. Ratiba ya ligi nayo iangaliwe. Ukiweka onyesho siku Simba na Yanga wanacheza, utaimbia viti. Na jengo, likija kujengwa, kama Massy ilivyo na treni yake, likae umbali wa kutembea kwa miguu kutoka kituo cha mwendokasi kwenye Barabara ya Kilwa, njia yenye taa na lami, mtu avae nguo yake nzuri bila kufikiria tope. Huwezi kusema umefungulia watu wote mlango halafu ukauweka mahali wanapofika kwa gari binafsi.

Kuhusu jengo niachie nirefushe kidogo, maana ndiko nilikotumia umri wangu wa kazi.

Wanakwaya wako wamezoea kwamba sauti inakuzwa na spika. Katika opera mwimbaji mmoja anasikika juu ya vyombo 40 au 50 bila waya wowote, na watu hudhani ni kwa sababu ana kifua kikubwa au anapiga kelele. Hapana. Nguvu nyingi ya okestra iko chini, karibu na mitetemo 500 kwa sekunde, na kuanzia hapo inapungua kadiri unavyopanda. Mwimbaji aliyefunzwa anajifunza kuunda koo na mdomo ili sauti yake ikusanye nguvu karibu na mitetemo 3,000, hasa waimbaji wa kiume na wa sauti za kati, mahali ambapo okestra imenyong'onyea na sikio la binadamu lina ukali zaidi. Anapita kwenye upenyo.

Upenyo huo ukumbi mbaya unauziba. Nenda ukumbi wowote wa harusi mchana ukiwa mtupu, simama katikati, piga kofi moja. Utasikia mlio kama trrrr, sauti ikikimbizana kati ya ukuta wa vigae na madirisha ya aluminiamu yanayotazamana. Usiku wa harusi MC anaongeza sauti ili kuushinda mlio huo, mlio nao unaongezeka, ndiyo maana mnatoka pale mmekauka koo kwa kuongea tu mezani. Kumbi za mikutano zina kasoro ya pili: zulia, mapazia mazito na dari laini vinameza kila kitu, na mwimbaji anajisikia kama amefunikwa blanketi. Makanisa makubwa ya mawe nayo yanabakiza sauti muda mrefu mno. Zaburi inapendeza, lakini maneno ya haraka yanagongana. Opera inataka sauti ibaki hewani kama sekunde moja na robo hadi moja na nusu, kisha ife. Ili kuipata unahitaji hewa, takriban mita za ujazo sita hadi nane kwa kila mtu aliyekaa. Ukumbi wenye dari ya gipsamu ya mita nne haukaribii hapo hata ukiupamba vipi.

Halafu kelele. Masika ikishuka juu ya bati, hata mhubiri mwenye spika sita ananyamaza. Paa la opera Dar lazima liwe la zege, chini yake nafasi ya hewa, kisha dari nyingine isiyogusana nalo moja kwa moja. Malori ya Barabara ya Kilwa yazuiliwe kwa kuweka ofisi, ngazi na vyumba vya mazoezi upande wa barabara, ukumbi ukae nyuma yake. Viyoyozi vya kubandika ukutani visahau, vinavuma. Inatakiwa mifereji mipana inayosukuma hewa polepole, ikiwezekana itokee chini ya viti, kwa sababu hewa ikienda taratibu haipigi kelele. Jenereta likae mbali, juu ya mpira, ndani ya nyumba yake, maana umeme ukikatika katikati ya onyesho hutaki watu wasikie limewaka. Haya yote ni gharama, na ndiyo sababu napenda ile namba ya Massy, viti 800. Ukitamani 2,000 kwa sifa utalazimika kuweka maiki, na ukishaweka maiki umejenga ukumbi wa kawaida kwa bei ya opera.

Lugha. Watu wa opera wenyewe walilumbana juu ya hili hadi mwaka 1983, kampuni ya opera ya Kanada ilipoonyesha opera ya Elektra ya Richard Strauss mjini Toronto ikiwa na maandishi ya tafsiri yanayopita juu ya jukwaa. Leo ni kawaida kila mahali. Kwa Mbagala ningefanya hivi: vichekesho viimbwe kwa Kiswahili, kwa sababu kicheko kinachosubiri mtu amalize kusoma kinafika kimekufa, hadithi za majonzi ziachwe kwa lugha yake, Kiswahili kipite juu. Kiswahili kinaimbika, karibu kila silabi inaishia kwenye irabu na mdomo unabaki wazi. Kazi iko kwenye mkazo. Wewe unazijua zile nyimbo za kitabuni zilizotafsiriwa kutoka Kijerumani, ambapo pigo zito linaangukia mwisho wa neno na waumini wanaimba "bwaNA" maisha yao yote. Mtafsiri wa opera asiyejua kuimba atakuletea saa mbili za namna hiyo. Mpe kazi mshairi wa taarab akae na mpiga kinanda, wapimane mstari kwa mstari.

Fedha sitazizunguka. Opera haijilipi kwa tiketi, popote duniani. Wachumi wawili wa Marekani, William Baumol na William Bowen, waliieleza sababu mwaka 1966: kiwanda kinaweza kutengeneza viatu vingi zaidi kwa wafanyakazi wachache kila mwaka, lakini opera ya La Bohème ya Giacomo Puccini iliyohitaji watu wale mwaka 1896 inahitaji watu walewale leo, kwa saa zilezile, na mishahara imepanda. Massy inabebwa na fedha za umma, mji wenyewe ukiwemo. Hapa kwetu Mfuko wa Utamaduni na Sanaa unatoa mikopo, na mikopo ni mizuri kwa mwenye studio au mwenye kutengeneza filamu. Kwa opera usikope. Hakuna mwezi ambao mtunzi kama Mozart atakuletea marejesho. Inatakiwa ruzuku ya halmashauri, au mdhamini anayejua kwamba anachotoa hakirudi. Unafuu mmoja upo: Mozart, Verdi, Bizet na Puccini wamekufa siku nyingi, Puccini wa mwisho wao mwaka 1924, na kazi zao halisi hazidaiwi mirabaha. Tahadhari tu na mpangilio mpya au tafsiri mpya, hizo zina wenyewe.

Sasa, pa kuanzia. Mfano wangu sitautoa Ufaransa tena, nautoa Afrika Kusini, kwa sababu kule opera ilipanda kupitia watu kama wewe. Kwaya za makanisa, za shule na za mitaa ndizo zilizozaa waimbaji. Pretty Yende alikulia mji mdogo, akiwa na miaka 16 akasikia wimbo wa opera kwenye tangazo la shirika la ndege, akaenda kumuuliza mwalimu ni kitu gani kile. Mwaka 2023 aliimba kwenye kutawazwa kwa Mfalme Charles wa Tatu. Mwaka 2005 filamu iliyohamishia opera ya Carmen ya Georges Bizet kwenye kitongoji cha Khayelitsha, ikiimbwa yote kwa Kixhosa, ilichukua Dubu wa Dhahabu kwenye tamasha la Berlin. Kundi lililotokana na waimbaji hao, Isango Ensemble, lilichukua opera ya Mozart likaweka marimba mahali pa okestra. Hawakusubiri mtu awaletee fidla 20.

Wewe anza na La serva padrona ya Giovanni Battista Pergolesi, ya mwaka 1733. Ni kama dakika 45. Ina waimbaji wawili tu, besi na soprano, na mtu wa tatu ambaye ni bubu, hana anachoimba. Hadithi yake: bosi mseja, mzee wa makuu, anashindwa na dada wa kazi mwenye mdomo. Dada anamvalisha yule bubu nguo za mchumba mwanajeshi, anamtishia bosi kwamba anaolewa na kuondoka, na kabla ya mwisho bosi mwenyewe ameomba ndoa. Nionyeshe mtaa wa Mbagala ambao hautaielewa. Soprano wako akiwa na jicho la mipasho, ukumbi utaitika kila mstari, na uache uitike. Mtu akitaka kupanda kumtuza, apande. Venice wangemwelewa.

Vyombo vinavyotakiwa ni fidla chache na kinanda. Tafuta wapiga fidla wa taarab asilia. Wanaosoma nota utawapata kwa waliopita chuo cha muziki cha Nchi za Jahazi kule Unguja, wengine Bagamoyo TaSUBa au Chuo Kikuu, Mlimani. Ukipata akordioni badala ya fidla ya pili, chukua. Omba ukumbi wa shule, kagua kwa lile kofi, na ukuta unaolia tundika mikeka na khanga nzito zilizokunjwa mara kadhaa. Kibali cha BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, kishughulikie mapema, usingoje wiki ya onyesho. Kiingilio kiwepo, kidogo, kisizidi nauli ya kwenda na kurudi. Sishabikii bure: tiketi ya bure mtu anaichukua, mvua kidogo tu haji, na kiti kinabaki kitupu huku mwingine amekosa. Wanafunzi wa shule mnayotumia, hao waingie bure kwenye mazoezi ya mwisho, watakwenda nyumbani wakiimba na kesho watawaleta mama zao.

Kwaya nzima utakuwa hujaipa kazi hapo, najua watanuna. Mwaka unaofuata wape Dido and Aeneas ya Henry Purcell. Ni ya saa moja hivi, inajulikana kuchezwa kwenye shule ya wasichana Chelsea, London, kufikia mwaka 1689, na kwaya ndani yake ina kazi kila mahali: mara ni watu wa baraza la malkia, mara wachawi, mara mabaharia. Sauti zake haziwatishi watu waliozoea kuimba Haleluya ya Handel kila Pasaka. Ikifika hapo, na watu wakaanza kukuuliza inayofuata ni lini, ndipo uende halmashauri kuzungumzia kiwanja, ukiwa na watazamaji wa kuwaonyesha. Hata kiwanja kikichelewa, Verona, Italia, wanacheza opera kwenye uwanja wa Warumi usio na paa tangu mwaka 1913, na Juni hadi Septemba Dar haina mvua za kutisha.

La mwisho ni la wiki hii. Chagua waimbaji wako wawili na uwaondolee maiki kabisa kwenye mazoezi. Miezi ya kwanza watalalamika kwamba hawasikiki, na kweli hawatasikika vizuri. Usiwaruhusu kusukuma sauti kutoka kooni. Wasimame mwisho wa ukumbi, waongee maneno ya wimbo kwanza kama wanamwita mtu aliye ng'ambo ya barabara, halafu ndipo waimbe. Na yule soprano, kama anaimba ibada tatu kila Jumapili kupitia spika za honi, mpunguzie ibada mbili.